Marconi na Simu ya Upepo

Guglielmo Marconi alizaliwa mjini Bologna, katika nchi ya Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake alikuwa Mwitalia mwenye mashamba, na mama yake alikuwa mwanamke wa Ireland. Kijana huyu hakupata kuingia chuo kikuu, lakini alipenda sana maarifa ya umeme. Mama yake alipoyaona mapenzi hayo, hakuyadharau, bali alimtia moyo.

Siku zile watu walikuwa wamekwisha kujua kupeleka habari kwa simu ya waya. Lakini penye waya simu hufika, pasipo waya haifiki. Meli ikiisha kutoka bandarini na kupotea machoni, ilikuwa kama mtu aliyeingia nyikani peke yake. Ikishikwa na moto au ikigonga mwamba, watu wa pwani hawakupata habari, na pengine haikujulikana kamwe mahali ilipozama.

Mwaka 1894 Marconi alisoma habari za Heinrich Hertz, mtaalamu Mjerumani aliyekufa mwaka ule ule. Hertz alikuwa ameonyesha ya kuwa cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, yanayoenea pande zote kama viwimbi vya maji mtu atupapo jiwe ziwani. Marconi akawaza moyoni mwake kwamba, ikiwa mawimbi hayo husafiri pasipo waya, basi yaweza kuchukua habari.

Akaanza kazi katika chumba cha juu, chini ya paa la nyumba yao. Upande mmoja aliweka mtambo wa kutoa cheche. Upande wa pili aliweka kichupa chembamba cha kioo chenye chenga za madini. Mawimbi yakifika, chenga zile hushikamana na kuupa umeme wa betri njia ya kupita. Umeme ukipita, kengele hulia. Usiku mmoja alimwamsha mama yake, akampandisha juu. Alipobonyeza mtambo, kengele ikalia upande wa pili wa chumba, wala hapakuwa na waya katikati.

Mwaka 1895 akaitoa mitambo yake nje shambani. Aliunganisha mtambo na waya uliotundikwa juu ya mlingoti, na waya mwingine akauzika ardhini. Akaona ya kuwa kadiri alivyozidi kuinua ule wa juu, ndivyo habari zilivyozidi kufika mbali. Hata siku moja alimtuma ndugu yake Alfonso ng'ambo ya kilima pamoja na mtambo wa kupokea. Walipatana kwamba ishara ikifika, bunduki ipigwe. Marconi akabonyeza, akasubiri. Mara mlio wa bunduki ukasikika kutoka nyuma ya kilima.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza pamoja na mama yake. Huko William Preece, mhandisi mkuu wa Posta, alimpokea na kumsaidia. Mwaka 1897 habari zilivuka maji kiasi cha maili tatu, na mwaka 1899 zikavuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Lakini mitambo ilipozidi kuwa mingi, habari zilichanganyika, kama sokoni watu wote wapazapo sauti pamoja. Kwa hiyo Marconi, akitumia pia maarifa ya wenzake, alitengeneza mtambo unaopatanishwa na mawimbi ya urefu mmoja na kuyaacha mengine. Serikali ya Uingereza ikampa hati ya kazi hiyo, aliyoiomba mwaka 1900.

Kisha akataka kuvuka bahari ya Atlantiki. Wataalamu wengi walisema haiwezekani, kwa kuwa mawimbi huenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alikaa katika kilima kimoja cha Newfoundland, na waya wake ukainuliwa na tiara katika upepo mkali. Akatega sikio, akasema amesikia nukta tatu, yaani herufi S, zilizopelekwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya maili 2,000. Wengine hawakusadiki. Basi mwaka 1902 akasafiri katika meli Philadelphia, akapokea ishara za Poldhu usiku kutoka maili kama 2,000, na nahodha akashuhudia. Baadaye ilijulikana ya kuwa juu sana angani mna tabaka la hewa linaloyarudisha mawimbi hayo chini. Mwaka 1909 Marconi alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli kubwa iitwayo Titanic iligonga jabali la barafu. Mpelekaji wa simu, Jack Phillips, aliomba msaada mpaka maji yakamkaribia, naye akafa. Meli Carpathia ilisikia, ikaja mbio kutoka mbali, ikaokoa watu zaidi ya 700. Lakini meli Californian ilikuwa karibu kuliko hiyo. Nayo ilikuwa na mtambo mzima, ila ilikuwa na msikilizaji mmoja tu, ambaye alikuwa amemaliza kazi ya siku, akauzima mtambo na kulala. Watu kama 1,500 walikufa. Kwa sababu hiyo mkutano wa mataifa uliofanyika London ulipatana mwaka 1914 kwamba katika meli kubwa za abiria pawe na mtu wa kusikiliza usiku na mchana.

Marconi alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937. Katika kumheshimu, vituo vya simu ya upepo vya Uingereza vilinyamaza kwa muda wa dakika mbili. Leo simu za mkononi na intaneti isiyo na waya hutumia mawimbi ya jamii ile ile, nazo zina mpelekaji na mpokeaji, kama mitambo ya chumba kile cha juu. Kuipeleka sauti ng'ambo ya bahari ni kazi kubwa. Lakini sauti hiyo haimwokoi mtu, isipokuwa yuko mwingine aliye macho, anayesikiliza.