Seyyid Majid bin Said, Mwanzilishi wa Dar es Salaam

Msharika atokaye Mwenge kwenda kuabudu katika Kanisa Kuu la Azania Front, akipita Barabara ya Sokoine kandokando ya bandari, huliona Boma la Kale. Wapo wanaodhani kuwa ni kazi ya Wajerumani. Sivyo. Lilijengwa mnamo 1866 na 1867 kwa amri ya Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, liwe nyumba ya wageni wake, mkabala na kasri lake. Kasri limetoweka, na mwenye kasri amekaribia kusahauliwa.

Baba yake, Seyyid Said, alifariki baharini Oktoba 1856 akitoka Oman. Khalid, aliyetazamiwa kurithi Unguja, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1854. Barghash, aliyekuwa melini pamoja na baba yao, alijaribu kujitwalia madaraka kabla habari za msiba hazijaenea, asifaulu. Majid akatawazwa, kijana wa miaka ishirini na miwili hivi.

Hakupata utulivu. Mwaka 1859 kaka yake Thuwaini, mtawala wa Muscat, alituma merikebu kuitwaa Zanzibar, Waingereza wakazirudisha. Mwaka huohuo Barghash aliasi, akisaidiwa na dada yao Salme. Maasi yaliposhindwa Barghash alipelekwa Bombay, lakini Salme hakuadhibiwa, jambo linalotuonyesha moyo wa Majid kuliko vita vyake. Ni Salme huyo aliyekimbia mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na Heinrich Ruete wa Hamburg.

Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, aliamua kwamba Zanzibar na Oman zitengane, na Majid amlipe Thuwaini reale 40,000 kila mwaka. Hivyo ufalme ulipasuka, na kiti cha Unguja kikawa na deni.

Ndipo Majid alipogeukia bara. Karibu na kijiji cha Mzizima aliona bandari yenye kina na kinga ya upepo, akaanza kujenga mji, akauita Dar es Salaam. Alitaka misafara ya bara iishie hapo. Haifai kuficha kwamba biashara hiyo ilikuwa pia ya watu, na kwamba mashamba ya minazi kuuzunguka mji yalilimwa na watumwa. Mwaka 1867 aliwakaribisha makonseli wa mataifa ya kigeni kwa karamu katika mji huo mpya.

Alifariki Oktoba 1870, mji haujakamilika, naye hana mtoto wa kiume. Kiti kikamwendea Barghash, yule yule mwasi wa 1859, ambaye alitawala hadi 1888. Barghash alikuwa mjenzi hodari wa Unguja, lakini kazi ya ndugu yake upande huu wa bahari aliiacha. Mmisionari Greiner alipofika kutoka Ujerumani mwaka 1887, majengo mengi ya Majid yalikuwa magofu. Miaka minne baadaye Wajerumani walihamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo, kwa sababu ya bandari ileile.