Theodore Roosevelt na Mto wa Shaka

Theodore Roosevelt alizaliwa New York, katika nchi ya Marekani, tarehe 27 Oktoba mwaka wa 1858. Baba yake alikuwa mtu tajiri, na nyumba yao haikupungukiwa na kitu, lakini mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu sana. Alishikwa na pumu tangu utoto, na mara nyingi usiku alikuwa hawezi kulala, hata baba yake humchukua mikononi na kumtembeza chumbani mpaka apate pumzi. Alipokua kidogo baba yake alimwonya ya kuwa akili anayo lakini mwili hana, na ya kuwa mwili huo hana budi kuujenga mwenyewe. Mtoto akalishika neno hilo. Akaanza kuinua vitu vizito, akajifunza kupigana ngumi, akapanda farasi, akaogelea, akavuta makasia. Na tabia ile ya kutafuta jambo gumu ili ajipime nguvu haikumtoka tena maisha yake yote. Ilimpatia sifa nyingi. Tena ilikaribia kumwua, yeye pamoja na mwanawe na rafiki zake, katika mto mmoja wa Brazili.

Mambo aliyoyatenda kabla ya safari hiyo ni mengi. Mwaka wa 1884 mkewe na mama yake walikufa siku moja, katika nyumba moja, naye kwa huzuni akaenda mbali upande wa magharibi kufuga ng'ombe. Mwaka wa 1898 alipigana vita Cuba. Mwaka wa 1901 Rais McKinley alipouawa, Roosevelt, aliyekuwa Makamu wake, akashika mahali pake, umri wake miaka 42. Hapakuwa na Rais wa Marekani kijana kama yeye kabla yake. Alipatanisha Warusi na Wajapani waliokuwa wakipigana, na kwa ajili hiyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1906. Alipomaliza zamu yake mwaka wa 1909 alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit kuwinda wanyama. Alipokuwa akipanda bara alikaa mbele kabisa ya gari la moshi, kwenye ubao uliofungwa mbele ya injini, apate kuwaona wanyama vizuri. Akapita Uganda, akashuka kwa mto Nile mpaka Khartoum, akarudi kwao salama.

Lakini mtu aliyezoea kazi kubwa hapendi kukaa bure. Mwaka wa 1912 aligombea tena urais. Siku moja katika mji wa Milwaukee mtu mmoja alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipita kwanza katika kibweta cha miwani na karatasi nene za hotuba yake zilizokunjwa mfukoni, ndiyo sababu haikufika moyoni; naye akakataa kwenda hospitali mpaka amekwisha kuhutubia watu kwa muda wa saa nzima na zaidi. Hata hivyo alishindwa katika uchaguzi. Akarudi nyumbani, na watu wengi waliokuwa wakimjia zamani hawakumjia tena.

Mwaka wa 1913 akapata mialiko ya kwenda kuhutubia katika nchi za Amerika ya Kusini. Rafiki yake wa zamani, Padre Zahm, alikuwa amemshawishi muda mrefu wasafiri pamoja katika mito ya huko. Safari ilikusudiwa kuwa ya kujifurahisha: kupita katika mito inayojulikana, kuwinda kidogo, na kukusanya ndege na wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Hakuna aliyeiogopa. Lakini alipofika Rio de Janeiro, waziri mmoja wa Brazili alimwuliza kama angependa kufuata mto ambao hakuna ajuaye unakoishia. Roosevelt akakubali papo hapo. Wakubwa wa makumbusho walifadhaika waliposikia, lakini hawakuweza kumzuia. Alikuwa na umri wa miaka 55, mnene, tena mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu gari lake lilipogongwa mwaka wa 1902. Labda shauri la busara lingekuwa kukataa.

Mto huo uligunduliwa na Kanali Cândido Rondon wa jeshi la Brazili. Rondon alizaliwa mwaka wa 1865 katika jimbo la Mato Grosso, na kwa upande wa mama yake alikuwa wa damu ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Kazi yake ilikuwa kupitisha waya za simu katika mwitu, na huko aliwaamuru askari wake wasiwaue wenyeji kamwe, hata wakipigwa mishale. Afadhali wafe wao. Mwaka wa 1909 aliona chanzo cha mto unaoelekea kaskazini. Kwa kuwa hakuna aliyejua kama unaingia katika mto huu au ule, akauita Mto wa Shaka.

Roosevelt na Rondon wakakutana mwezi wa Desemba mwaka wa 1913, wakasafiri majuma mengi nchi kavu kwa nyumbu na maksai. Wanyama wengi walikufa njiani, na mizigo mingi ikatupwa, na chakula pia kikapungua. Padre Zahm akarudishwa, maana hakuiweza safari. Tarehe 27 Februari mwaka wa 1914 watu 22 wakaingia mtoni. Walikuwamo Roosevelt, Kermit, ambaye alikuwa na mchumba akimngoja, lakini alikuja ili amtunze baba yake, Cherrie, fundi wa habari za ndege, Rondon, Luteni Lyra, daktari Cajazeira, na wapiga makafi 16 wa Brazili. Vyombo vyao vilikuwa mitumbwi saba ya magogo, mizito, mingine mikuukuu inayovuja. Ile mibovu waliifunga miwiliwili kwa kamba ikawa kama vyelezo, wakatia mizigo juu yake.

Siku za kwanza mto ulikuwa mpole. Kisha wakasikia ngurumo mbele, wakaona maji yanaingia katika mwanya mwembamba wa mawe na kuporomoka. Tangu hapo safari ikawa taabu tupu. Kila penye maporomoko iliwapasa kupakua mizigo, kukata njia mwituni, kupanga magogo chini, na kuivuta mitumbwi juu yake kwa kamba. Pengine kazi hiyo iliwachukua siku mbili au tatu, na walipomaliza husikia ngurumo nyingine. Usubi na mbu waliwauma mchana na usiku. Mchwa walikula nguo zao. Roosevelt alikuwa akiandika habari za safari kila jioni, amejifunika uso kwa chandalua na kuvaa glovu mikononi. Usiku mmoja mto ulifurika, mitumbwi miwili ikakatika kamba ikavunjika juu ya mawe. Wakakaa siku kadhaa kuchonga mwingine, na chakula kinakwisha.

Tarehe 15 Machi Kermit alikuwa mbele katika mtumbwi mdogo pamoja na wapiga makafi wawili, João na Simplício. Walitaka kutazama kama upande wa pili wa kisiwa unapitika. Maji ya kuzunguka yakaushika mtumbwi, yakauangusha katika maporomoko, ukapinduka. João aliogelea hata ufukoni. Kermit alizama, akaibuka, akashika tawi akiwa karibu kukata roho. Simplício hakuonekana tena. Wakamtafuta, wasimpate, wakasimamisha nguzo mahali pale yenye maandishi ya jina lake. Hakuwa na mke. Roosevelt na Kermit wakaazimu mshahara wake upelekwe kwa mama yake. Kesho yake mbwa wa Rondon alipigwa mishale mirefu na wenyeji ambao hawakuwaona kwa macho. Rondon akaacha zawadi pale kuwa ishara ya amani, wakapita. Wenyeji wale wangaliweza kuwaua wote, lakini hawakufanya hivyo.

Tarehe 27 Machi mitumbwi miwili ilinaswa katika mawe, na maji yalikuwa yakiivunja. Roosevelt, aliyekuwa karibu, hakungoja kuitwa. Akajitupa mtoni kusaidia kuiokoa. Mitumbwi iliokoka, lakini mguu wake mmoja uligonga jiwe ukachanika. Katika nchi ile yenye joto na unyevu kidonda kidogo si kitu kidogo. Mguu ukavimba, ukatunga usaha, na homa ya malaria ikamshika papo hapo. Akawa hawezi kusimama.

Wakati huohuo wakafika katika bonde lenye kuta za mawe pande zote mbili, na maporomoko mengi yakifuatana. Rondon akatoa shauri ya kuwa mitumbwi haiwezi kupita. Sharti waiache, na kila mtu ajiokoe kwa miguu katika mwitu. Roosevelt akajua maana ya neno hilo. Akawaita Kermit na Cherrie, akawaambia waende mbele, wamwache, maana safari haiwezi kungoja mtu mmoja. Alisema kweli, na alisema kwa moyo wa ushujaa. Lakini Kermit alikataa kabisa. Baba akamtazama mwanawe, akafahamu ya kuwa hata akifa pale Kermit hatamwacha. Ataubeba mwili wake mpaka afike au afe naye. Ikawa hapana njia ya kumwokoa mwana ila kukubali kuokolewa naye. Kwa mtu ambaye tangu utoto alijivunia kutochukuliwa na mtu, kukubali kulikuwa kugumu kuliko maporomoko yote.

Kermit alikuwa amefanya kazi ya kujenga madaraja Brazili, naye alijua kutumia kamba. Yeye na Lyra pamoja na wapiga makafi wakaishusha mitumbwi kwa kamba kandokando ya majabali, wakisimama majini toka asubuhi hata jioni. Ilikuwa kazi ya siku nne. Mtumbwi mmoja ulipotea, mingine ilipita.

Njaa huharibu urafiki. Mpiga makafi mmoja, Julio, mtu mwenye nguvu lakini mvivu, alikuwa akiiba chakula. Paishon, msimamizi wao, alimgombeza. Julio akachukua bunduki akampiga risasi akafa, akakimbilia mwituni. Wakachimba kaburi kwa visu na mashoka, wakamzika Paishon mahali alipoanguka. Siku chache baadaye Julio alitokea ufukoni akiomba apakiwe. Roosevelt hakutaka kumchukua, kwa sababu ya chakula na kwa sababu ya hatari. Rondon alisema ya kuwa sheria ya Brazili inataka mtu ahukumiwe barazani. Watu wakatumwa kumtafuta, lakini hakuonekana tena.

Roosevelt alilazwa chini ya mtumbwi, amefunikwa turubali, pengine akiweweseka. Tarehe 15 Aprili wakaona ubao ukingoni wenye herufi mbili zilizochongwa: alama ya mgema mpira. Wagema wale waliogopa walipoona mitumbwi inatoka juu, maana huko hakutoki mtu ila maadui. Mzee mmoja, alipoambiwa kwamba mgonjwa yule aliyelala mtumbwini aliwahi kuwa Rais, hakusadiki upesi. Kesho yake daktari Cajazeira akaupasua mguu pasipo dawa ya usingizi, na Roosevelt hakulia. Tarehe 26 Aprili wakafika mahali walipongojwa na wenzao, na baada ya siku nne wakawa Manaus. Mwili wake ulikuwa umepungua yapata kilo 25.

Aliporudi New York mwezi wa Mei alitembea kwa fimbo. Wataalamu wengine wa Uingereza na Marekani walisema hadharani ya kuwa mto kama huo hauwezi kuwapo. Alikwenda Washington na London, akasimama mbele yao na ramani, akaeleza, ingawa sauti yake ilikuwa dhaifu kwa homa. Serikali ya Brazili ilikuwa imekwisha kuuita mto huo kwa jina lake.

Homa ya mto ule ilimrudia mara kwa mara. Theodore Roosevelt alikufa usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari mwaka wa 1919, umri wake miaka 60. Mwaka wa 1927 msafiri mwingine, Dyott, alishuka mto ule tangu juu hata chini, akakuta mambo kama yalivyoandikwa katika ramani. Rondon aliishi mpaka mwaka wa 1958, na jimbo moja la Brazili, lenye chanzo cha mto ule, likaitwa Rondônia kwa jina lake.