Ian Donald, muganga aliyeleta ekografia kwa wamama wajawazito

Mama mjamzito wa Barumbu au wa Kisangani akiambiwa anywe maji mengi na asiende kukojoa kabla ya ekografia, anafuata shauri lililoanzia mji wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1963. Aliyelitoa ni muganga Ian Donald.

Alizaliwa Cornwall, Uingereza, Desemba 1910, lakini ujana wake ulipita Afrika Kusini, alikosoma Cape Town. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza. Huko alizoea rada na sonari, mashine zinazotambua kitu kisichoonekana kwa kupokea mwangwi wake.

Mwaka 1954 alipewa uprofesa wa ukunga Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alipakia ndani ya magari vivimbe vilivyotolewa matumboni mwa wanawake, akavipeleka kiwandani Babcock & Wilcox, mjini Renfrew, ambako mashine ya mwangwi ilitafuta nyufa ndani ya chuma. Kiwanda nacho kikatoa pande la nyama ya ng'ombe, la kulinganishia. Donald hakuanza na mgonjwa. Alianza na vivimbe ambavyo tayari alijua ni kipi kina maji na kipi ni nyama tupu, aone kama mashine inasema kweli.

Baadaye, pamoja na injinia Tom Brown na daktari John MacVicar, alimpima mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana kansa ya tumbo isiyopasulika. Mashine ikaonyesha maji. Alipasuliwa, ukatolewa uvimbe mkubwa wa ovari, akapona. Matokeo ya kazi yao yalitoka katika jarida la Lancet tarehe 7 Juni 1958.

Miaka hiyohiyo Alice Stewart alionyesha kwamba radiografia ya mama mjamzito inaongeza hatari ya kansa kwa mtoto. Kwa hiyo kikundi cha Donald kilijaribu mawimbi yake kwa watoto wa paka, na hakikuona madhara.

Leo mashine inaingia mfukoni, na daktari anaifungua kando ya kitanda bila kumngoja mtaalamu wa picha. Mawimbi, kwa nguvu ndogo na muda mfupi, hayatishi sana. Kinachotisha ni jicho lisilofundishwa, linalopitwa na mimba iliyo nje ya kizazi, na kichwa cha mashine kisichosafishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Donald mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo, akapasuliwa mara tatu. Alistaafu mwaka 1976, akafariki tarehe 19 Juni 1987.