Mkutubi si mlinzi wa ghala

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini iko mali nyingine ambayo hupotea ilhali daftari limejaa. Katika shule moja ya kaunti hii yetu ya Kakamega, ambayo sitaitaja kwa jina, nilionyeshwa kabati la vitabu vya hadithi lililotiwa kufuli. Daftari lilikuwa safi na hesabu ilikuwa kamili. Hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea. Nilipouliza ni wanafunzi wangapi waliokwisha kuvisoma, mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo aliinamisha macho. Alihofia kwamba kitabu kikipotea, atakatwa mshahara.

Simlaumu mwalimu yule. Kisa chake kilinikumbusha mwalimu mwingine, S. R. Ranganathan wa India, ambaye kila mwanafunzi wa ukutubi katika vyuo vyetu hulikuta jina lake mapema. Maisha yake yafaa yasimuliwe pia kwa walimu na wanafunzi wengine, kwani mashaka yaliyomkabili ndiyo yanayowakabili viongozi wa maktaba zetu leo.

Alizaliwa mwaka 1892 katika mji mdogo wa Shiyali, jimbo la Madras, wakati India ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Fauka ya hayo alikuwa na kigugumizi, kikwazo kizito kwa mtu anayetamani kusimama mbele ya darasa. Alijizoeza hadi akakidhibiti, akasomea hisabati, na kuanzia 1917 akawa mwalimu wa somo hilo katika vyuo vya serikali. Aliipenda kazi yake, ila mshahara ulikuwa haba.

Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kilitafuta mkutubi. Waombaji walikuwa mamia, na mafunzo ya kazi yenyewe yalikuwa adimu miongoni mwao. Ranganathan aliomba kwa kuvutwa na ujira mnono, wala si kwa mapenzi ya vitabu. Alipoanza kazi Januari 1924, upweke ulimlemea. Aliyezoea kelele za darasa alijikuta amekaa na rafu zilizonyamaza. Hazikupita siku nyingi akaenda kuomba arudishwe darasani. Aliambiwa kwanza aende Uingereza akajifunze ukutubi. Akirejea bado hautaki, chaki yake ataikuta inamngoja.

Huko London mambo yakageuka. Alisoma chini ya W. C. Berwick Sayers, akazuru maktaba zaidi ya 100. Aliona vibarua, akina mama na watoto wakiingia maktabani bila hofu, wakihudumiwa sawasawa na wasomi. Katika duka moja kubwa aliona kichezeo cha vipande vya chuma ambavyo mtoto angeviunga apendavyo, leo kreni, kesho daraja. Hapo ndipo alipopata wazo la kupanga vitabu kwa kuunganisha vipengele vya mada, badala ya kukilazimisha kila kitabu kukaa katika kijumba kilichokwisha kujengwa. Aliporudi Madras mwaka 1925, hakuiulizia chaki tena.

Alichokifanya Madras ndicho kiini cha makala haya. Aliwafungulia wasomaji rafu ili wachague wenyewe. Alizidisha saa za kazi, akawafunza wasaidizi wake kumwendea msomaji badala ya kumngoja nyuma ya meza. Mwaka 1928 alisaidia kuanzisha chama cha maktaba cha Madras, na mwaka uliofuata yakaanza mafunzo ya wakutubi. Mwaka 1931 alichapisha kitabu cha kanuni tano za ukutubi, ambacho kimesomwa dunia nzima. Kwa muhtasari wangu, alishikilia kwamba thamani ya kitabu imo katika kutumiwa kwake. Kwamba hakuna mtu asiyestahili kupata kitabu kinachomfaa, wala kitabu kisichokuwa na mtu wake mahali fulani. Kwamba ni dhuluma kumpotezea msomaji wakati. Na kwamba maktaba ni kiumbe hai, kisipokua kitadhoofika. Kabati lile lenye kufuli lingemtoa machozi.

Mwaka huohuo, katika eneo la Mannargudi, vitabu vilianza kupelekwa vijijini kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Sisi Wakenya tusilicheke gari hilo. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu migongoni mwa ngamia. Fikira ni ile ile: msomaji asipoweza kuja, maktaba imfuate.

Lakini Ranganathan alitambua kwamba bidii ya mtu mmoja haidumu bila sheria na fedha. Kwa miaka mingi aliandika miswada, akawabishia hodi wanasiasa, akakataliwa na kurudi tena. Hatimaye mwaka 1948 jimbo la Madras lilipitisha sheria ya maktaba za umma, iliyoruhusu tozo ndogo juu ya kodi ya majengo kwa ajili ya vitabu. Maktaba ikawa na fungu lake, haikuomba tena makombo.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Kenya ilitunga sheria ya bodi ya maktaba mwaka 1965, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Kisha Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Ukiisoma Jedwali la Nne utaikuta maktaba imetajwa katika orodha moja na kamari, leseni za vileo na sinema. Mkutubi anayekwenda kutetea bajeti yake mbele ya wawakilishi wa wadi huanza safari akiwa katika safu hiyo ya burudani. Barabara ina wapiga debe wengi, na zahanati ina wagonjwa wanaoonekana. Njaa ya kitabu haionekani kwa macho. Asipojifunza kuieleza kwa hoja na takwimu, hakuna atakayemsemea.

Haimaanishi kwamba Ranganathan alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kujinyima, aliyedai wengine wafanye kazi kama yeye. Baada ya miaka 20 alikosana na wakubwa wa chuo, akajiuzulu akiwa amevunjika moyo. Mwaka 1945 alikwenda Chuo Kikuu cha Banaras, na huko akaainisha kwa mkono wake vitabu vipatavyo 100,000. Wengi huisifu kazi hiyo. Mimi huiona pia kuwa onyo. Kiongozi anayebeba mzigo wote peke yake huwanyima wenziwe nafasi ya kujifunza kuubeba. Na mfumo wake wa uainishaji, alioutoa mwaka 1933, haukuenea sana nje ya India. Maktaba zetu nyingi za umma hufuata ule wa Mmarekani Dewey. Kilichoenea ni msimamo wake kuhusu msomaji.

Pengine yeye mwenyewe alilijua hilo, maana miaka yake ya mwisho aliitumia kulea watu. Alifundisha Delhi, na mwaka 1962 akaanzisha kituo cha mafunzo na utafiti mjini Bangalore. Akiba yake, rupia 100,000, aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Madras ili kiwe na uprofesa wa kudumu wa ukutubi, uliopewa jina la mkewe, Sarada. Alifariki Septemba 1972.

Nchini mwetu Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifunza taaluma hii tangu 1988, na wahitimu wapo. Lakini katika shule nyingi maktaba ingali ni kazi ya ziada ya mwalimu mwenye vipindi tele, ambaye hupimwa kwa vitabu visivyopotea, si kwa vitabu vilivyosomwa. Mjini Kakamega wanafunzi hufurika maktabani kutafuta kiti na utulivu wa kusoma madaftari yao, na simu zao zimejaa habari zisizochujwa. Hao ndio wanaomhitaji mkutubi wa kuwaonyesha kipi cha kuamini na wapi pa kukipata.

Walimu wakuu waanze na jambo dogo: wawaondolee walinzi wa kabati hofu ya kulipa, na mwisho wa muhula waulize kwanza ni vitabu vingapi vilivyoazimwa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimelipa gharama yake. Kilichobaki kipya kabatini kingali kinadaiwa.