Maisha ya Mganga Jérôme Lejeune, Baba wa Watoto Waliofichwa

Katika kurasa zilizotangulia tumewakumbuka mapadri na makatekista walioweka msingi wa parokia yetu. Hapa tunapenda kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano, na mganga wa watoto huko Paris, katika nchi ya Ufaransa. Jina lake Jérôme Lejeune.

Kwa nini yeye katika kitabu cha yubile yetu? Kwa sababu wako watoto katika mitaa yetu ambao hatuwaoni kanisani siku ya Mungu. Macho yao yameinuka kidogo pembeni, shingo yao ni fupi, wanachelewa kutembea na kusema. Majirani husema kwamba mama amerogwa, au kwamba baba ametafuta mali kwa njia mbaya. Na mara nyingine mtoto mwenyewe huitwa mchawi. Basi wazazi humfungia nyumbani. Lejeune alitumia maisha yake yote kwa ajili ya watoto wa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita mwaka 1926 huko Montrouge, mji ulio kando ya Paris. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu alisoma kitabu cha Balzac juu ya mganga wa kijijini aliyejitoa kwa maskini, naye akaazimu kuwa mganga wa namna hiyo. Mungu alimpangia njia nyingine. Mwaka 1951 alipomaliza masomo ya uganga, mwalimu wake Profesa Raymond Turpin alimwomba afanye kazi pamoja naye kwa kuchunguza ugonjwa wa watoto hao. Mwaka uliofuata alimwoa Birthe Bringsted, binti wa Denmark, ambaye aliingia katika Kanisa Katoliki na kumsaidia bwana wake mpaka mwisho.

Tusidhani kwamba aibu juu ya watoto hawa ni ya Afrika peke yake. Mwaka 1866 mganga mmoja wa Uingereza, John Langdon Down, aliandika habari za ugonjwa huo, akaona kwamba nyuso za watoto hao zinafanana na za watu wa Mongolia, akawaita kwa jina la taifa hilo. Jina hilo likadumu miaka karibu mia, likiwatukana watoto na kuwatukana Wamongolia pamoja. Wazungu wengi walifikiri kwamba wazazi walikuwa walevi, au kwamba walikuwa na kaswende. Jamaa nyingi ziliwaficha watoto wao au kuwapeleka mbali wasionekane. Mama alibeba mzigo mara mbili: mtoto mgonjwa, na midomo ya watu.

Lejeune alianza na vitu vidogo. Alitazama mikono ya watoto hao, akahesabu na kulinganisha mistari ya viganja. Wengi wao walikuwa na mstari mmoja tu unaokatiza kiganja chote. Sasa, mistari ya kiganja huchorwa mtoto akiwa bado tumboni, katika miezi ya kwanza. Kwa hiyo chanzo cha ugonjwa sherti kitafutwe mbele ya kuzaliwa, tena mapema sana.

Mwaka 1956 wataalamu wawili waliofanya kazi Sweden, Tjio na Levan, walionyesha kwamba kila seli ya mwili wa mtu ina kromozomu 46, zile nyuzi ndogo sana zinazochukua urithi tunaoupata kwa baba na mama. Wakati huo Bibi Marthe Gautier, mganga wa watoto, alikuwa amerudi kutoka Marekani, ambako alijifunza kukuza seli nje ya mwili. Alitengeneza chumba cha kazi katika hospitali ya Trousseau huko Paris, na kwa kuwa fedha zilikosekana, alitumia hata damu yake mwenyewe ili kulisha seli hizo. Katika seli za watoto wagonjwa, mwaka 1958, kromozomu zilihesabiwa 47. Ile ya ishirini na moja, badala ya kuwa mbili, zilikuwa tatu. Habari hiyo ilitolewa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris tarehe 26 mwezi wa kwanza mwaka 1959, kwa majina ya Lejeune, Gautier na Turpin.

Hapa imetupasa kusema yote. Kwa miaka mingi watu walimtaja Lejeune peke yake, na jina la Bibi Gautier liliandikwa vibaya hata katika karatasi ile ya kwanza. Yeye alilalamika, na mwaka 2014 kamati ya maadili ya shirika la utafiti wa afya la Ufaransa ilithibitisha kwamba bila ufundi wake jambo hilo lisingaligunduliwa. Alifariki mwaka 2022. Tunamheshimu Lejeune pasipo kumnyima mama huyo haki yake.

Lakini tupime uzito wa habari yenyewe. Kromozomu ya tatu inatokea kwa ajali wakati seli zinapogawanyika. Hapana ulevi wa baba, hapana dhambi ya mama, wala jicho baya la jirani. Lejeune alichukua habari hiyo akaipeleka kwa wazazi, jamaa moja baada ya nyingine, akiwaeleza kwa maneno mepesi, mpaka wanatoka wameinua vichwa. Mwaka 1965, baada ya malalamiko ya Mongolia, Shirika la Afya la Ulimwengu liliacha lile jina la matusi. Leo ugonjwa huitwa trisomia 21.

Heshima zikamjia upesi. Mwaka 1962 alipewa zawadi ya mfuko wa Kennedy kwa mkono wa Rais Kennedy mwenyewe. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza ugonjwa mwingine, ambao mtoto mchanga hulia kama paka mdogo, kwa sababu kipande cha kromozomu ya tano kimepungua. Mwaka 1964 akawa profesa wa elimu ya urithi katika chuo cha uganga cha Paris.

Ndipo jaribu likaja, nalo lilitoka katika kazi yake mwenyewe. Alikuwa ametafuta chanzo cha ugonjwa ili auponye. Wengine waliona kwamba, ikiwa kromozomu zaweza kuhesabiwa mtoto akiwa bado tumboni, basi mtoto mgonjwa aweza kuondolewa mbele ya kuzaliwa. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani walimwita San Francisco ili wampe zawadi yao kubwa, zawadi ya William Allan. Mbele ya wakubwa hao aliwaambia wazi kwamba kazi ya mganga ni kupigana na ugonjwa, na si kumwua mgonjwa. Alipomaliza, hawakumshangilia. Jioni hiyo alimwandikia bibi yake kwamba amepoteza zawadi ya Nobel, na kweli hakuipata kamwe. Wako waliomwona mkali mno, nasi hatusemi kwamba maneno yake yalikuwa laini. Lakini alikuwa akiwajua kwa majina watoto waliokuwa wakizungumzwa, na wale wengine walikuwa na hesabu tu.

Huko Ufaransa sheria iliyoruhusu kutoa mimba ilitangazwa rasmi mwaka 1975, naye aliipinga hadharani. Vitisho juu yake viliandikwa katika kuta za chuo. Marafiki walipungua, fedha za utafiti zikapungua pia, ikambidi kupata msaada wa wafadhili wa nchi za nje. Yeye aliendelea kupita mitaa ya Paris juu ya kinga yake.

Kila juma aliwapokea wagonjwa katika hospitali ya Necker. Walikuja maelfu, wengine kutoka nchi za mbali. Wazazi walishangaa kuona kwamba profesa mkubwa alimsalimu kwanza mtoto, kwa jina lake, akamweka magotini, ndipo akazungumza na wakubwa. Wengi waliokuwa hawajathubutu kumtazama mtoto wao vizuri, walijifunza kumtazama siku hiyo. Barua alizijibu mwenyewe. Dawa aliitafuta mpaka mwisho, hasa upande wa asidi ya foliki, lakini hakuipata.

Kanisa nalo lilimtegemea. Papa Paulo VI alimweka katika Chuo cha Sayansi cha Vatikano mwaka 1974, na mwaka 1981 Papa Yoane Paulo II alimtuma Moscow pamoja na wenzake kueleza hatari ya vita ya silaha za atomu. Mwezi wa pili mwaka 1994 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Kipapa cha Uhai. Wakati huo kansa ya mapafu ilikuwa imekwisha kumlaza. Wanawe walipomwuliza anaacha urithi gani kwa wagonjwa wake, alilia, kwa kuwa alikuwa anawaacha bila kuwaponya. Alifariki asubuhi ya Pasaka, tarehe 3 mwezi wa nne mwaka 1994.

Katika Misa ya maziko, ndani ya kanisa kuu la Notre-Dame, mmoja wa wagonjwa wake, mwenye trisomia 21, alishika kikuza sauti bila kuitwa, akamshukuru mbele ya umati wote. Mfuko unaoitwa kwa jina lake ulitambuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1996, nao unaendeleza utafiti na kutegemeza mahali pa kuwatibu wagonjwa huko Paris. Mwaka 1997 Papa Yoane Paulo II alikwenda kusali juu ya kaburi lake katika kijiji cha Chalo-Saint-Mars. Tarehe 21 mwezi wa kwanza mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha atajwe Mheshimiwa, na ili aitwe Mwenye heri Kanisa linangoja muujiza uliohakikishwa. Wazazi wenye kumwombea mtoto kwa maombezi yake wanaweza kufanya hivyo kwa sala yao ya faragha, kwa lugha yao wenyewe.