Mzee Aliyemzuia Kijana Asiache Bunge

Jumapili iliyopita tulifundishwa juu ya Paulo na Timotheo, na wiki hii nimeombwa niandike juu ya mtu aliyelelewa kiroho. Nimemchagua William Wilberforce, yule Mwingereza aliyepigana bungeni mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku. Wengi tunamjua kwa kazi hiyo. Wazee waliomshika mkono ndio tunawasahau.

Alizaliwa mjini Hull mwaka 1759. Baba yake alifariki William akiwa bado mtoto, akapelekwa kukaa na ndugu ya baba yake karibu na London. Mke wa huyo ndugu, Hannah, alikuwa mama mcha Mungu kwelikweli, na ni huko mtoto alikomfahamu mchungaji John Newton. Huyu ndiye mtunzi wa Amazing Grace, wimbo tunaouimba hata matangani. Kabla ya uchungaji, Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa.

Mama yake William aliposikia kwamba kijana anageuka kuwa kama wale Wamethodisti, alimfuata akamrudisha nyumbani. Familia yao ilikuwa ya watu wenye heshima zao, na wokovu wa aina hiyo kwao ulikuwa aibu. Basi kijana akakulia kwenye karamu na karata. Aliingia bunge mwaka 1780 akiwa na miaka 21, tajiri, msemaji hodari, rafiki mkubwa wa William Pitt aliyekuja kuwa Waziri Mkuu.

Halafu Mungu akaanza kumsumbua. Katika safari za Ulaya alifuatana na mwalimu mmoja, Isaac Milner, wakawa wanasoma na kujadili Agano Jipya njiani. Kufikia mwisho wa mwaka 1785 Wilberforce alikuwa hana amani kabisa. Alijiona mwenye dhambi, na akawaza aache siasa. Kwani mtu aliyeokoka atafanya nini kule bungeni kwenye fitina na ulevi?

Akamkumbuka Newton. Aliandika kuomba waonane kwa siri, maana mbunge kuonekana na wahubiri wa namna hiyo kungemharibia jina. Siku ilipofika, Desemba 1785, alizunguka uwanja uliokuwa mbele ya nyumba ya mzee mara moja au mbili ndipo akapata ujasiri wa kuingia. Mimi humfikiria Nikodemo hapo.

Sasa tazama alichokifanya yule mzee. Alikuwa na miaka 60, mchungaji mwenye kanisa katikati ya London. Kijana tajiri, maarufu, amekuja mwenyewe na moyo uliovunjika. Ingekuwa rahisi sana kumvuta awe mtu wake, aache yote, apande madhabahuni atoe ushuhuda. Sisi huku mtu akiokoka leo, kesho tunamwuliza ataacha kazi lini aingie huduma. Newton hakufanya hivyo. Alimshauri abaki palepale bungeni, kwa kuwa huenda Mungu alimweka huko kwa faida ya taifa na ya kanisa. Pitt naye, kwa sababu zake za kisiasa, hakutaka aondoke. Wilberforce akatoka kwa mzee akiwa na amani.

Mwaka 1787 akaibeba vita ya watumwa. Newton hakumwachia peke yake. Mwaka 1788 alichapisha kijitabu akieleza wazi mambo ya aibu aliyoyaona na kuyafanya mwenyewe melini, na akaenda kutoa ushahidi mbele ya viongozi wa serikali. Si kila mlezi atakubali kufunua kovu lake hadharani ili kijana wake apate silaha. Naye mzee John Wesley, siku chache kabla ya kufa mwaka 1791, alimwandikia Wilberforce barua ya kumtia moyo.

Mwaka huohuo mswada ukaangushwa, kura 163 kwa 88. Ukaangushwa tena na tena. Mwaka 1796 ulikosa kura nne tu. Aliwaza tena kuacha, na Newton, sasa mzee sana, akamwandikia avumilie kama Danieli. Mwaka 1807 ukapita, 283 kwa 16. Newton alikuwa hai bado, macho yamefifia. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Kwetu pia tunda lilifika. Wilberforce alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha wamisionari cha CMS mwaka 1799, na ni CMS iliyofungua Frere Town kule Mombasa mwaka 1875, makao ya watumwa walioachwa huru.

Afya ilipomwishia, Wilberforce alimtafuta mbunge mdogo kwake, Thomas Fowell Buxton, akamkabidhi vita iliyobaki: kuwafungua waliokuwa tayari utumwani. Julai 1833 aliletewa habari akiwa kitandani kwamba mswada huo sasa ulikuwa na uhakika wa kupita. Siku tatu baadaye akalala.