Kakungulu: Jenerali aliyenyimwa ufalme, akajifunza kutulia

Kama umewahi kurudi nyumbani bila cheti cha chuo, unaujua ule ukimya wa mezani. Mimi nilirudi Rombo, chini ya Kilimanjaro, kabla ya kuhamia Kitengela. Sikuwa na jibu la kumpa mtu. Ndipo nikamsoma mzee aliyeishi chini ya mlima mwingine, Elgon, kule Mbale, Uganda.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu mwaka wa 1869. Akawa shujaa wa vita Buganda, akabatizwa Mprotestanti, kisha akapigana upande wa Waingereza. Ndiye aliyewatekea sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda. Tusimpambe: wenyeji wa huko walipoteza uhuru wao, na hawakuomba kutawaliwa naye. Yeye alitarajia kuwa mfalme wao. Waingereza walichukua nchi, ufalme wakamnyima. 1906 wakampeleka Busoga kuongoza machifu, na 1913 kazi hiyo nayo ikaisha.

Hebu fikiria. Umehasola miaka yote hiyo, halafu bosi anakuonyesha mlango.

Kakungulu alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali. Lakini hakuacha kuisoma Biblia mwenyewe, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona kwamba sheria za Musa bado zinamhusu. 1919, akiwa na miaka kama 50, alijitahiri na kuwatahiri wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akasema sawa, basi yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya.

Kufikia 1922 alikuwa amewaandikia kitabu cha sheria na sala, kurasa kama 90. Na wakashika Sabato: Ijumaa jua likizama, kazi zinasimama hadi Jumamosi jioni.

Siku hizi baadhi ya Wayahudi hutumia Sabato pia kwa tafakuri: unakaa kimya, unafuata pumzi yako, unaacha mawazo yapite bila kuyakimbiza. Sisemi Kakungulu alifanya hivyo. Alichokuwa nacho ni siku moja kila wiki ambayo hakuna Mwingereza angeweza kumpandisha cheo wala kumshusha. Nadhani hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Mtu akiweza kukaa siku nzima bila kuthibitisha chochote kwa yeyote, utamnyang'anya nini tena?

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jaribio kubwa lilikuja baadaye, miaka ya 70, Idi Amin alipopiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha. Walibaki kama 300, wakisali kwa kujificha. Lakini hawakuisha. 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu kuwa rabi, na hadi leo Sabato inashikwa kule Nabugoya, karibu na Mbale.

Mimi si Myahudi, na cheti bado sina. Ila Ijumaa jioni nazima simu kwa saa moja. Nje, barabara ya Namanga inapiga honi kama kawaida. Dakika kumi za kwanza ni ngumu, nakuambia ukweli: yale maswali ya mezani yote yanarudi. Nayaacha yapite. Nikiwasha simu, hakuna kilichobadilika, lakini mikono haitetemeki tena.